Tableti ya bei rahisi niliyoipeleka porini Ugalla: kwenye boksi GPS ipo, ndani haipo

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka yote napita kimya kimya. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe ina miezi minne sasa haijapoa. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Nikisahau kitu nitarudi kwenye comments.

Kwanza niwaambie mimi ni nani, ili muelewe kwa nini mtu aliyeishia kidato cha pili anakuja kufanya review ya tableti.

Niko Mpanda. Mama alitangulia, baba akafuata. Mimi ndiye mkubwa kati ya wanne, kwa hiyo niliacha shule nikaanza kuuza asali sokoni.

Asali yenyewe inatoka kwenye mizinga ya baba, iko porini upande wa Ugalla. Mizinga thelathini na moja. Hiyo ndiyo iliyotulea. Wadogo zangu wawili wamemaliza shule kwa mizinga hiyo, na wa mwisho yuko chuo cha uuguzi kwa mizinga hiyo hiyo.

Aliyekuwa anaturinia ni mzee mmoja, rafiki na mwenzake baba kwenye kazi ya nyuki. Watu wanamwita Mzee Nta, maana hata akivaa shati la kanisani bado ananukia nta. Baba alipofariki, huyu mzee aliendelea kuingia porini kila msimu. Anarina ya kwake, anarina ya kwetu, ndoo zetu anazileta mpaka mlangoni. Hajawahi kutupunja hata kijiko.

Mwaka huu macho yake yakaanza kugoma. Mtoto wake akasema anamchukua akakae naye Majimoto.

Mzee akanipigia simu. "Mwanangu, kabla sijaondoka njooni niwaonyeshe mizinga ya baba yenu. Mimi nikienda, hakuna mwingine anayeijua."

Hapo ndipo tableti inapoingia.

Kwa wasiojua kazi hii, mzinga wa porini hauna bango. Unatundikwa juu, kwenye mti wa mtundu au mninga, majani yanaufunika, unaweza kupita chini yake mara kumi usiuone. Na mwenye mizinga hachanji magome kuweka alama za njia, kwa sababu wezi wa asali wanafuata hizo hizo. Ramani iko kichwani mwa mtu.

Mimi kichwa changu nakijua. Nikasema nitafute kitu cha kunisaidia.

Nina mteja wangu wa asali, anafanya kazi ya upimaji wa viwanja. Siku moja alinionyesha kwenye simu yake app ya ramani inayofanya kazi hata bila bando. Unasimama mahali, unabonyeza, unaandika jina, basi. Siku nyingine inakurudisha pale pale. Nikauliza kama inaingia kwenye tableti. Akasema inaingia, ila niangalie iwe na GPS.

Niliangalia, wakuu. Naapa niliangalia.

Nilienda dukani hapa hapa mjini. Jina la duka sitaji, na jina la tableti halina maana, kwa sababu ukigeuza boksi unakuta jina moja, ukiwasha inatokea jina lingine.

Boksi lilikuwa limeandikwa kila kitu kizuri duniani. RAM 12. GB 512. 5G. Android mpya. Na kwenye kona, kwa herufi za dhahabu, GPS. Nikamwonyesha muuzaji kwa kidole, "Na hii GPS ipo kweli?" Akajibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "Dada, kila kitu kilichoandikwa kipo."

Bei ilikuwa sawa na ndoo moja kubwa ya asali. Nikaona nimeokota.

Sasa first impressions zangu, kwa haki kabisa.

Boksi zuri. Kioo kikubwa, ndani ya nyumba kinang'aa vizuri, mdogo wangu wa mwisho aliangalia video za somo lake hakulalamika. Sauti ina mlio wa bati lakini inasikika.

Ilikuja na zawadi saba. Kava, kibodi, kalamu ya kuandikia kwenye kioo, earphone, kipanya, stendi na kitambaa cha kufutia. Ndugu zangu, ukiona kifaa kinauzwa na zawadi saba, jua zawadi ya nane ni wewe.

Kibodi kilikufa siku ya tatu. Kalamu inaandika pale isipogusa.

Kamera imeandikwa megapixel sijui ngapi. Nilimpiga picha Deo, mdogo wangu anayenifuata, dereva bodaboda. Akaangalia picha akaniuliza, "Dada, huyu ni mimi au ni marehemu?"

Kuhusu GB 512, nilichelewa kujua. Mteja wangu alikuja kuipima baadaye akakuta ndani ni 32, nyingine ni maandishi tu. Lakini hilo nimelisamehe. Mimi sikununua kuweka muziki.

Nilipofika nyumbani nilifungua ile app ya ramani. Ikaonyesha Mpanda, ikaonyesha mtaa wangu. Duara lilikuwa kubwa, linafunika nyumba kama mia hivi, lakini nikasema sawa, imeniona. Nikalala kwa furaha.

Mwezi wa nne tukaingia porini. Mimi, Deo na Mzee Nta. Pikipiki tuliziacha kijiji cha mwisho, tukatembea siku nne.

Sasa kuna jambo la kazi hii ambalo lazima niwaeleze, kwa sababu kosa langu liko hapo.

Kwetu, anayefundishwa njia ndiye anayetangulia. Mwenye kujua anakuja nyuma, kimya, anakuacha uangalie kichuguu, uangalie mbuga, uamue mwenyewe. Ukikosea anakuacha ukosee kidogo, halafu anakohoa. Hivyo ndivyo baba alivyofundishwa, na ndivyo Mzee Nta alivyofundishwa.

Asubuhi ya kwanza mzee akasimama pembeni ya njia akanipisha. "Haya, tangulia."

Nikamwambia, "Baba, wewe tangulia tu, mimi nina hii hapa," nikamwonyesha tableti. "Kila mzinga nitabonyeza, itakumbuka yenyewe."

Akaiangalia. "Inakumbuka?"

Deo akadakia, "Babu, hii inakumbuka kuliko sisi wote watatu."

"Basi sawa," mzee akasema, akatangulia. Baada ya hatua chache nikamsikia anaongea kama peke yake, "Mtu anatembea nyuma kwenye pori la baba yake kama mgeni."

Nilisikia. Nikajifanya sijasikia.

Porini ile tableti ilianza kuonyesha rangi zake. Kwenye jua kioo hakionekani kabisa, kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Kila mzinga ilibidi nijifunike khanga kichwa kizima ndipo nione pa kubonyeza. Chaji nayo ilikuwa inashuka kama maji ya chujio, kwa hiyo nikawa naizima kila baada ya mzinga na kuiwasha mzinga unaofuata.

Kuwaka kwenyewe ni safari. Inaleta jina la kampuni, inacheza muziki, inazungusha duara. Mzee amesimama, Deo ameshachuchumaa.

"Imeamka?" mzee anauliza.

"Bado."

"Na chai inakunywa?"

Deo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa chini ya khanga natoka jasho, sikucheka.

Nilibonyeza thelathini na moja. Kila mmoja nikaupa jina. Mtundu wa mbugani. Mninga pacha. Kichuguu cheupe. Nilikuwa naona orodha inaongezeka, jina chini ya jina, na saa niliyohifadhi pembeni. Ramani yenyewe sikuifungua hata mara moja kwa sababu ya chaji na ya jua. Niliamini orodha.

Na picha nilipiga. Nitawaambia hapa hapa, picha thelathini na moja za miti ya porini, kwa kamera ile, ni picha moja iliyopigwa mara thelathini na moja.

Siku ya nne jioni mzee alinishika mkono akasema, "Nimemaliza deni la baba yenu." Wiki iliyofuata mtoto wake akaja kumchukua.

Mwezi wa saba, msimu wa kurina, tukarudi mimi na Deo. Kamba, ndoo, moshi, kila kitu. Tulipofika mwanzo wa pori nikawasha tableti, nikafungua orodha, nikachagua mzinga wa kwanza, nikabonyeza nipeleke.

Ikanionyesha kijiji tulichoacha pikipiki.

Nikachagua wa pili. Kijiji. Wa kumi. Kijiji. Mninga pacha, kijiji. Nikafungua ramani nzima, nikakuta mizinga yote thelathini na moja ya baba yangu imerundikana mahali pamoja, juu ya kijiji, karibu na kibanda cha kuchajia simu.

Nilikaa chini. Deo akachukua tableti akaizungusha, akaipiga piga mgongoni.

"Labda haijaamka vizuri," akasema.

"Deo, nyamaza."

Tukaingia hivyo hivyo kwa kukumbuka. Lakini pori la mwezi wa nne siyo pori la mwezi wa saba, wakuu. Mwezi wa nne nyasi zinakufika kifuani na kila kitu ni kijani. Mwezi wa saba nyasi zimeungua, majani yamepukutika, vichuguu ulivyokuwa huvioni sasa viko mia. Tulizunguka siku tano. Tulipata mizinga saba.

Siku ya tatu tuligombana vibaya, na mimi na Deo hatujawahi kugombana tangu azaliwe.

"Si wewe ulikuwa na tableti?" akaniambia.

"Na wewe si ulikuwa na macho? Siku nne ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia mgongo wako. Wewe unaangalia mgongo wa babu, babu ndiye anaangalia njia. Sasa nani alijifunza?"

Nikachukua kamba, tukaendelea kutafuta. 

Tuliporudi mjini nilienda na Deo kumpelekea tableti yule mteja wangu wa upimaji. Akaikagua kwa app yake, akatoka nayo nje mahali pa wazi, akakaa nayo nusu saa. Akaniambia taratibu, kama daktari, kwamba humo ndani hakuna GPS kabisa. Mjini ilikuwa inabahatisha nilipo kwa kutumia minara ya simu na Wi-Fi za watu. Ukiondoka kwenye mtandao inabaki na mahali pa mwisho ilipojua. Kwetu mahali pa mwisho ni pale kijijini. Kila nilipobonyeza, ilikuwa inahifadhi kijiji kwa jina jipya.

Akanionyesha na kitu ambacho ningekijua ningeokoa kila kitu. Kile kidoti cha bluu kwenye ramani kikigeuka kijivu, maana yake kifaa hakijui kilipo. Kilikuwa kijivu siku zote nne, chini ya khanga yangu.

Halafu akamgeukia Deo, "Lete simu yako."

Simu ya Deo ni ya zamani, kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa mpira. Akaitoa nje. Baada ya dakika mbili ikaonyesha mahali aliposimama mpaka upande wa barabara. Ina GPS. Ilikuwa mfukoni mwa Deo siku zote nne porini, ameizima ili kutunza chaji ya muziki wa kambini.

Hapo nilitaka kulia, ila mbele ya wateja huwa silii.

Nikaenda dukani. Muuzaji alikuwa yule yule.

Nikamwambia, "Tableti yako haina GPS."

"Dada, si imeandikwa kwenye boksi?"

"Kwenye boksi ipo. Nauliza kwenye tableti."

Akaiwasha, akafungua ramani, akaniletea usoni. "Ona, imeonyesha Mpanda. Sasa wewe ulitaka ikuonyeshe wapi?"

"Mpanda najua nilipo, kaka. Nilinunua ya kunionyesha nisipopajua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema wao hawatengenezi, wanauza tu, na kwamba nimeshaitumia imechubuka. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu. "Kwani ulikuwa unaipeleka porini kufanya nini? Hizi ni za watoto kuangalia katuni."

Sawa. Basi andikeni katuni kwenye boksi. Msiandike GPS kwa dhahabu.

Sitafuti kurudishiwa hela. Hata akinipa tableti kumi hanirudishii zile siku nne. Mtu aliyeandika herufi zile tatu aliketi kiwandani huko aliko, akaona kona imebaki wazi, akaona GPS inapendeza pale. Hajui kwamba kuna mzee mwenye ukungu machoni alitembea siku nne anashika miti kwa mkono kuhakikisha ni yenyewe, akidhani anakabidhi, na nyuma yake kuna mtu anabonyeza kitu kisichoshika chochote.

Na nina hasira na hawa wanaofanya review za unboxing mtandaoni. Niliangalia tatu kabla ya kununua. Wote wanapima kioo, wanapima kamera, wanacheza gemu, wanasema "kwa bei hii huwezi kulalamika". Hakuna hata mmoja aliyezima data akatoka nje ya mji wake. Kwa bei hii nalalamika. Maskini ndiye mwenye haki zaidi ya kulalamika, kwa sababu hanunui cha pili.

Kubwa kuliko yote nina hasira na mimi mwenyewe. Nilitaka kukabidhiwa pori la baba yangu bila kulitembea kwa kichwa changu.

Mwezi wa nane nilipanda basi kwenda Majimoto nikamwambie Mzee Nta ukweli. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, anageuza sikio badala ya uso. Nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane.

 Badala yake akajaribu kunielekeza kwa mdomo, na mimi nikatoa daftari.

"Ukishatoka kambini unafuata... ule mti ulioungua... hapana, siyo huo. Kuna mahali ardhi inalegea chini ya mguu, hapo unapinda." Akasimama, akapiga hatua mbili pale uani kama anatafuta ardhi hiyo. Akarudi kukaa. "Mwanangu, miguu ndiyo inajua. Mdomo wangu haujui."

Akamwambia mtoto wake, "Nipelekeni." Mtoto akakataa, na ana haki, mzee anajikwaa hata kwenye kizingiti cha mlango. Walibishana mbele yangu mpaka nikajuta kwenda. Nilimwachia chupa ya asali ya msimu huu. Akaonja kwa kidole, akasema, "Hii ni ya ule wa mbugani." Alikuwa sahihi. Ni kati ya ile saba.

Tangu hapo mimi na Deo tunaingia porini kila mwezi na kibali chetu, tunatembea. Deo anatangulia safari moja, mimi natangulia nyingine. Kila mzinga tunaoupata tunauweka kwenye simu yake iliyopasuka, na kila jioni tunafungua ramani kuhakikisha haujahamia kijijini. Tumefika kumi na miwili. Mmoja tuliukuta umeshapasuliwa na wezi, nyuki wamehama. Kumi na tisa bado hatujui ilipo.

Sasa kwa wenzangu wa bajeti ndogo mnaotaka kununua tableti kwa kazi ya shamba, nyuki, upimaji, chochote kile. Usisome boksi. Mwambie muuzaji mtoke nje ya duka. Zima data, zima Wi-Fi, toa line. Fungua ramani, tembea mpaka mwisho wa mtaa. Kidoti kisipotembea na wewe, rudisha hapo hapo kabla hujatoa hela. Akikataa kutoka nje, umeshapata jibu. Na kama una simu yoyote, hata iliyopasuka, ipime hiyo kwanza.

Na kama una mzee wa kukuonyesha kitu, iwe mipaka ya shamba, kisima, makaburi, tangulia wewe mbele yake. Kifaa kije baadaye.

Ruksa kunicheka, nimeshachekwa dukani. Anayejua tableti ya bei ya chini yenye GPS aliyoipima mwenyewe porini, siyo sebuleni, aiweke hapa. Wauzaji msiniletee link.

Halafu kuna ombi moja, na ndilo hasa lililonitoa kwenye usomaji.

Najua humu kuna watu wa Ugalla, kuna warina asali, kuna wakata mbao wanaoingia lile pori. Mizinga ya baba ni ya magogo ya mninga, na kila mfuniko una alama aliyoichoma kwa chuma cha moto: duara, chini yake mistari miwili. Ukiuona juu ya mti, haijalishi ulikuwa unafanya nini huko na kama una kibali au huna, sitauliza. Na kama umeshaurina, hiyo asali umekula, sitaidai.

Niambie tu uko wapi.